Kwa nini igizo la Mkutano wa Berlin huwaacha wanafunzi wakiamini mipaka yote ilichorwa pale?

#1 Mwalimu_wa_Zamu
Wakuu, salaam. Naleta jambo linalowahusu walimu wa Historia wa sekondari.

Igizo dhima la Mkutano wa Berlin linajulikana: darasa linagawanywa vikundi 14, kila kundi nchi moja. Ramani kubwa tupu ya Afrika inawekwa katikati pamoja na kalamu za rangi, "Bismarck" (Kansela wa Ujerumani, mwenyeji wa mkutano) anafungua kikao, wajumbe wanahutubia, kisha wanachora. Darasa zima linachangamka, hata wale wa viti vya nyuma.

Baadaye waulize: "Eleza hatua zilizoifanya Tanganyika kuwa chini ya Ujerumani." Sehemu kubwa ya darasa itaandika kwamba nchi 14 za Ulaya zilikaa Berlin zikaigawa Afrika kwa rula. Ukweli ni kwamba kikao cha 15 Novemba 1884 hadi 26 Februari 1885 hakikuchora mpaka hata mmoja wa Afrika Mashariki. Wanafunzi wale wale husoma hayo kwenye notisi, lakini kinachobaki kichwani ni igizo.

Kasoro iko wapi? Tuliache igizo au tulirekebishe?

#2 Kaskazi
Kasoro ni ramani, mkuu. Ukimpa kijana wa miaka 15 ramani tupu na kalamu nyekundu, umeshamfundisha kwamba kazi ya mkutano ilikuwa kuchora. Notisi za kurasa tatu hazitaishinda kazi aliyoifanya kwa mkono wake. Ondoa ramani mezani, weka hoja zilizokuwa mezani kweli: biashara huria katika bonde la Kongo, usafiri wa meli katika mito ya Kongo na Niger, na masharti ya kutwaa maeneo mapya ya pwani. Hizo tatu zinatosha kipindi kizima.

#3 Chanzo_Asilia
Sahihisho kwanza: nchi 14 ndiyo, lakini si zote za Ulaya. Marekani ilikuwepo, ingawa baadaye haikuridhia mkataba. Milki ya Osmani ilikuwepo pia. Ukiwapa wanafunzi orodha kamili (Ujerumani, Uingereza, Ufaransa, Ureno, Ubelgiji, Uholanzi, Hispania, Italia, Austria-Hungaria, Urusi, Denmark, Sweden na Norway zilizokuwa na mfalme mmoja, Milki ya Osmani, Marekani), wataona haraka kwamba kadhaa kati yao hazikuja kutafuta koloni. Denmark ilikuwa inawinda kipande gani cha Afrika? Swali hilo peke yake linazaa mjadala wa dakika kumi.

Namuunga mkono Kaskazi. Mkataba ule una ibara 38. Chukua mbili tu, ya 34 na ya 35, ziandike upya kwa lugha nyepesi, mistari isizidi sita kila moja. Ya 34: dola ikitwaa eneo jipya kwenye pwani ya Afrika, au ikitangaza ulinzi huko, itoe taarifa kwa dola nyingine zilizotia saini. Ya 35: katika maeneo ya pwani iliyoyatwaa, ihakikishe kuna mamlaka ya kutosha kulinda haki zilizopo na uhuru wa biashara.

Wanafunzi wakae wawili wawili. Mmoja anapigia mstari kila kitendo kinachodaiwa, mwingine anazungushia duara kila mahali panapotajwa. Dakika nane. Kisha uliza: "Ibara hizi zinasema nini kuhusu bara la ndani?" Watarudi kwenye karatasi na hawatakuta kitu. Ni pwani tu. Hapo ndipo swali la kweli linapozaliwa: basi bara la ndani liligawanywa lini, na nani?

Linaloharibu zoezi hili ni kuwapa ibara tano au sita. Wakishazidiwa wanaanza kunakili badala ya kusoma.

#4 Bi_Daftari
Nawaheshimu wote hapo juu, lakini mnailaumu ramani bure. Kasoro ni muda. Hesabu kipindi cha dakika 40: kupanga viti 5, maelekezo 5, hotuba 15, kuchora 10. Zimebaki tano, na kengele huzimeza. Igizo lolote lisilo na tafakuri linabaki mchezo, liwe na ramani au lisiwe nayo.

Tafakuri isipungue dakika 15, na ifanyike wanafunzi wakiwa wameshatoka kwenye uhusika. Hili wengi hulipuuza. Mwambie aliyekuwa "Bismarck" avue kitambulisho, arudi kwenye kiti chake cha kawaida, kisha uliza kwa mpangilio huu:
1. Kipi tulichofanya leo kilitokea kweli?
2. Kipi tulikibuni ili igizo liende?
3. Nani alikuwa na maslahi makubwa lakini hakuwa chumbani?
Majibu ya 1 na ya 2 yaandikwe ubaoni kwenye safu mbili, nao wayanakili daftarini. Safu ya pili ndiyo dawa ya tatizo la mleta mada. Kama muda hautoshi, gawa kazi vipindi viwili, ila tafakuri isivuke siku moja.

#5 Ramani_Tupu
Ramani isifukuzwe jamani! Itumieni kwa tabaka.

Mahitaji kwa kila kundi la watu watano: ramani moja ya msingi ya Afrika Mashariki yenye pwani, visiwa, maziwa, mito na milima mikubwa, bila mpaka wowote, karatasi nne angavu za kunakilia, kalamu za rangi nne, vibanio viwili. Weka alama za msalaba kwenye pembe mbili za ramani ya msingi na uzinakili kwenye kila karatasi angavu, la sivyo tabaka zitateleza na mpaka wa Ruvuma utaangukia Rufiji.

Tabaka la 1, kabla ya Novemba 1884: miji ya pwani iliyokuwa chini ya Sultani wa Zanzibar na njia za misafara kuelekea Tabora na Ujiji. Njia ziwe mistari ya nukta. Maeneo ya tawala za bara yaandikwe majina tu bila kuzungushiwa mstari.

Tabaka la 2, Februari 1885: hapa wanafunzi hujiandaa kwa mistari mingi, na mwalimu anawapa mmoja tu, wa eneo la biashara huria, ambalo upande wa mashariki lilifika Bahari ya Hindi kuanzia nyuzi 5 kaskazini hadi mdomo wa Zambezi. Si koloni la mtu. Tabaka hili likae karibu tupu, na muwaache walitazame.

Tabaka la 3, Novemba 1886: makubaliano ya Uingereza na Ujerumani. Sultani anabakiziwa Unguja, Pemba, Mafia, Lamu na ukanda wa pwani wa maili 10 kwenda bara. Mstari unatoka mdomo wa mto Umba, unapita Ziwa Jipe, unazunguka kaskazini mwa Kilimanjaro, kisha unanyooka hadi Ziwa Victoria, nyuzi 1 kusini.

Tabaka la 4, Julai 1890: mkataba wa Heligoland. Ujerumani inaachia Witu (kwenye pwani ya Kenya ya leo) na madai yake Uganda, inakubali ulinzi wa Uingereza juu ya Zanzibar, nayo inapata kisiwa cha Heligoland na njia ya kuumiliki ukanda wa pwani ya Tanganyika, ambao Sultani alilipwa mark za Kijerumani milioni 4.

Halafu wafunike tabaka la 2 juu ya la 4 na waandike sentensi tatu tu: kipi kimebadilika, kati ya nani na nani, mwaka gani. Muda ni dakika 80. Ukibanwa, tabaka la 1 lije limeshachorwa.

#6 Tarishi
Shukrani Ramani_Tupu, nimehifadhi.

Ila naomba nisimame upande wa wanafunzi. Jibu la "Afrika iligawanywa Berlin" si uongo mtupu. Madola yaliitambua jumuiya ya Kongo ya Leopold II, mfalme wa Ubelgiji, kwa mikataba ya pande mbili iliyofungwa kabla na wakati wa mkutano ule ule, na mipaka yake ilijadiliwa kandokando ya vikao. Karl Peters, Mjerumani aliyetafuta koloni, naye alikuwa amekusanya mikataba yake Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami mwishoni mwa 1884, na barua ya ulinzi ya Kaiser (mfalme wa Ujerumani) ikatolewa 27 Februari 1885, siku moja tu baada ya kikao kufungwa. Kuna mtu anaamini hiyo ni bahati?

Tukisisitiza mno kwamba mkutano haukugawa kitu, tutazalisha kosa la pili: mwanafunzi ataandika kwamba Berlin haikuwa na maana. Mimi naona kasoro si igizo wala ramani. Swali letu ndilo linalomlazimisha kuchagua ndiyo au hapana. Mpe tarehe hizo nne tano amwage hoja mwenyewe: mkutano ulisababisha, uliharakisha, au ulihalalisha kilichokuwa kinaendelea? Darasa lisimame kwenye pembe tatu za chumba, kila pembe dai moja. Anayehama pembe ataje ushahidi uliomhamisha.

#7 Kengele_ya_Saba
Wakuu mnazunguka. Wanafunzi wanaandika vile kwa sababu wanajua jibu hilo linapata alama. Miongozo mingi ya kusahihisha inatoa alama kwa hoja fupi fupi: mkutano uliitishwa na nani, mwaka gani, matokeo matano. Mwanafunzi si mjinga, anapima kinacholipa. Ufanye tabaka nne au arobaini, mtihani ukitaka "matokeo matano ya Mkutano wa Berlin" atakupa matano na la kwanza litakuwa kugawanywa kwa Afrika.

Tena wengi hujifunza somo hili kwa lugha ambayo si ya nyumbani. Katika hali hiyo sentensi fupi iliyokaririwa ni salama kuliko ndefu ya kujitungia.

#8 Bi_Daftari
Kengele_ya_Saba, la lugha nakubali. La mtihani halielezi kila kitu, kwa sababu kosa hilo hilo linatokea hata kwenye majadiliano ya mdomo yasiyo na alama.

Kwa lugha, dawa ni kuwapa viunzi vya sentensi, si sentensi kamili: "Ingawa mkutano ulikubaliana kuhusu ..., mpaka wa ... uliwekwa mwaka ... kwa makubaliano kati ya ... na ..." Vinne vinatosha. Viandikwe kwenye manila na vikae ukutani kwa mada nzima, kisha viondolewe kimoja kimoja.

#9 Chanzo_Asilia
Kuna chanzo kingine cha kosa ambacho hakijatajwa: ile picha. Mchoro maarufu wa mkutano, wanaume wamezunguka meza na ramani ndefu ya Afrika inaning'inia ukutani. Mwanafunzi huwa ameshaiona kabla hujafungua mdomo.

Ifanye somo. Funika ramani ya ukutani kwa kipande cha karatasi, waulize: hawa ni kina nani, wanafanya nini? Watasema wafanyabiashara, mahakimu, bodi. Funua. Uliza tena. Sasa kila mtu ana uhakika wanagawana. Hapo waulize: ni kipi ndani ya picha kinachoonyesha kugawana? Kuna rula? Kuna mtu anayechora? Watagundua kwamba wameisoma picha kwa jibu walilokuja nalo. Dakika 12, na unahitaji nakala moja kubwa ya kubandika au moja ndogo kwa kila dawati.

#10 Kaskazi
Mkuu Chanzo_Asilia wewe ukipewa darasa la muziki utatoa nyaraka tu 😄 Lakini hiyo ya kufunika ni nzuri, nimeipenda.

Namrudia Bi_Daftari kwenye swali lake la 3, nani hakuwa chumbani. Wengi hulijibu kwa kuweka viti vitupu au kumpa mwanafunzi mmoja nafasi ya "mjumbe wa Afrika" mezani. Viti vitupu sawa. Mjumbe hapana. Ukimweka mezani umebadilisha historia: hakuna mtawala wa Kiafrika aliyealikwa, na darasa litakumbuka kwamba alikuwepo akashindwa kwa hoja.

#11 Ramani_Tupu
Hapo umegusa penyewe. Badala ya kumweka Berlin, mfuate alipokuwa. Sultani Barghash wa Zanzibar kati ya 1885 na 1886 ana mambo mazito mezani pake: Aprili 1885 anapeleka malalamiko kwa Kaiser kuhusu maeneo ya Peters, Agosti manowari za Kijerumani zinatia nanga mbele ya Zanzibar, Desemba 1886 anakubali masharti ya makubaliano ambayo hakuyajadili.

Kundi lipewe kadi tatu kwa mfuatano, moja moja, na kila kadi lina dakika nne kuamua: kupinga, kujadiliana, au kutafuta mshirika. Sharti: hawaruhusiwi kutumia habari ya kadi ambayo haijafunguliwa. Mwanafunzi atakayesema "Waingereza watamsaliti" kwenye kadi ya kwanza aulizwe amejuaje. Hilo ndilo linalowafundisha kwamba watu wa wakati ule hawakujua mwisho wake.

#12 Ukurasa_wa_Mwisho
Naomba kuchepuka kidogo. Kwenye tabaka la 3 kuna mpindo wa Kilimanjaro, na kila darasa lina mtu atakayesema Malkia Victoria alimzawadia mjukuu wake Kaiser mlima kwenye siku ya kuzaliwa. Msimkatize. Hiyo ndiyo shughuli nzuri kuliko zote za kupima madai.

Kadi nne kwa kila kundi:
A. Hadithi yenyewe.
B. Tarehe: makubaliano ya mpaka, 1 Novemba 1886. Wilhelm wa Pili alitawazwa Juni 1888.
C. Maneno ya makubaliano: mstari upite katikati ya Taveta na nchi ya Wachaga, kisha uzunguke upande wa kaskazini wa mlima.
D. Madai: Mwingereza Harry Johnston alikwenda eneo hilo 1884 na kupata mkataba Taveta, Mjerumani Jühlke alipata mkataba na Mangi Mandara wa Moshi 1885.

B inaangusha sehemu ya hadithi, kwa kuwa mjukuu hakuwa Kaiser. Lakini wajanja watasema zawadi angeweza kupewa akiwa mwanamfalme. Wana haki! Tarehe peke yake haitoshi. Ndipo C na D zinapofanya kazi: mpindo unafuata nani alidai wapi. Kosa la kawaida ni mwalimu kufungua D mapema ili kuokoa muda. Ukifanya hivyo hakuna mvutano.

#13 Tarishi
Na bado halijafa swali la kwa nini hadithi ilienea. Hilo liwe kazi ya nyumbani.

#14 Nyuzi_Sita
Nimefika jana kwenye uzi huu, nimesoma wote. Nyongeza yangu ni tahadhari kuhusu maigizo kwa jumla, maana wengi wakitoka Berlin wanaingia Majimaji na mbinu ile ile.

Mkutano unaigizika kwa sababu ulikuwa watu wanaongea. Vita, njaa na biashara ya watumwa visiigizwe. Msimfunge mwanafunzi kamba, msiwape wengine bunduki za mti, msiigize kunyongwa. Darasa litacheka, na kicheko kitakaa kwenye kumbukumbu mahali pa uzito.

Kwa Majimaji tumieni matatizo ya kufikiri. Mfano: vita vilianza Julai 1905 Umatumbi kwa kung'oa pamba. Kinjikitile Ngwale, mganga aliyegawa dawa ya maji, alinyongwa mwanzoni mwa Agosti 1905. Vita vikaendelea hadi 1907. Kama dawa ya maji ndiyo iliyokuwa sababu kuu, na mwenye dawa ameuawa mwanzoni kabisa, ni nini kiliendeleza vita? Kadi za sababu kumi: pamba ya kulazimishwa, kodi, maakida, viboko, dawa ya maji, uongozi wa kienyeji na nyinginezo. Wazipange kwa umbo la almasi: moja juu, mbili, tatu, mbili, moja chini. Zinaingia tisa tu. Ya kumi lazima itupwe, na ubishi wa ipi itupwe ndiyo somo.

Swali la pili ni vifo. Makadirio yanaanzia 75,000 na kufika 300,000. Wasichague namba. Waeleze kwa nini zinatofautiana: nani alihesabu, aliyekufa kwa njaa baada ya mashamba kuchomwa anahesabiwa au hapana.

#15 Kengele_ya_Saba
Nyuzi_Sita hiyo ya almasi ina shida darasa likiwa la watu 60. Vikundi 12, kadi 120, nani anakata?

#16 Nyuzi_Sita
Karatasi moja ya A4 ikunjwe mara tatu inatoa vipande nane. Kumi zinahitaji karatasi moja na robo. Wanafunzi waandike wenyewe kutoka ubaoni, sababu moja kila kipande, herufi kubwa. Dakika tano na tayari wamezisoma mara moja. Kazi ya kukata usiibebe wewe.

#17 Mwalimu_wa_Zamu
Nimepata mengi, asanteni. Kwa hao 60 naona vikundi 14 vyenyewe ni kasoro: wajumbe wa nchi kumi hawana la kusema na ndio wanaoanza kupiga soga. Nafikiria kuhamisha igizo lote kutoka Berlin kwenda mazungumzo ya 1886: Uingereza, Ujerumani na Zanzibar, ila Zanzibar inakaa chumba cha pili na kupewa taarifa tu. Pande tatu, seti nne sambamba, watu watano kila upande, jumla 60. Maelekezo 5, kusoma kadi za maslahi 10, mazungumzo 12, kuandika makubaliano 3, kulinganisha na mstari halisi 10.

#18 Kaskazi
Safi, lakini angalia: seti nne zitatoa mipaka minne tofauti, na kila seti itakumbuka wa kwake. Umerudi kwenye tatizo la post namba 1.

#19 Bi_Daftari
Si lazima. Mstari halisi uchorwe kwa rangi moja juu ya minne yote, na kila seti iandike kwa nini wao waliishia kwingine: hawakuwa na manowari, hawakujua madai ya Taveta, au walimhurumia Sultani. Tofauti ndiyo inayosomwa.

#20 Tarishi
Bado nasema mtu akitoka hapo ataandika "Afrika iligawanywa 1886". Berlin ibaki, hata kwa dakika 15 za ibara mbili za Chanzo_Asilia, ndipo 1886 ifuate.

#21 Chanzo_Asilia
Kama ibara zinatangulia, mleta mada, upande wa Ujerumani upewe ibara ya 34 kama kadi ya ziada na waamue wao kama wana wajibu wa kumtaarifu Barghash. Hakutia saini Berlin. Watajikuna.